Pipa la Mwasumini

Enzi zetu, sisi watoto wa Mji wa Kale, maganda ya ndizi hayakutupwa. Ukiyatupa, Mama alikuuliza kama una wazimu. Maganda, majani ya chai, mavi ya mbuzi tuliyochota kwa jirani huku tumeziba pua, vyote vilioza taratibu kwenye debe uani. Majivu hakuyataka. "Chokaa twanayo ya kutosha," alisema, maana majivu ni kama chokaa, na ua wetu ulikuwa mawe ya chokaa matupu. Udongo mweusi uliotoka debeni aliujaza kwenye pipa lililotobolewa chini, akapanda mwasumini. Ukastawi hadi darini, na vikuba alivyofunga kwa maua yake kwa ajili ya mabibi harusi ndivyo vilivyotulisha na kutusomesha.

Harusi ya dada yangu Zuhura ilipokaribia, Mama aliapa kwamba mwanawe hatapambwa kwa maua ya kununua. Shangazi Mwanaisha, dada yake baba, alikuwa amemwona Mama akimwagilia mti maji ya kuoshea samaki wabichi. Naye kwa moyo wake mweupe akaumwagia beseni zima la maji aliyorowekea ng'onda, wale samaki waliokaushwa kwa chumvi. Ng'onda, jamani! Haukupita muda majani yakaungua ncha, vitumba vikapukutika.

"Wifi, chumvi yala chuma, seuze mzizi?" Mama alimwambia.

"Wallahi nalidhani naupa chakula," Shangazi alijibu, machozi yakimlengalenga.

Maji ya kisima chetu nayo yalikuwa ya chumvi, kwa hivyo tulikinga mvua kwa ndoo, sufuria, hata birika. Tuliyamimina pipani, na Mama akawa anaonja kwa kidole yanayotoka chini, mpaka yakawa matamu. Kisha akaongeza mbolea ya debeni, akaomba Mungu.

Siku ya harusi maua yalitosha kikuba kimoja tu. Mama alimpa Shangazi akifunge kwa mkono wake. Sijaona tena bi harusi aliyenukia vile.

Watoto wa leo hununua udongo dukani, umefungwa kama sukari. Mama alipofariki, ndugu zangu waligawana vyombo na viti; mimi niliomba pipa. Liko hapa kwangu, mtaa wa Mbaraki, na kila nikitia mbolea binti yangu huziba pua, huuliza mbona nanuka zizi. Juzi alichumbiwa. Asubuhi yake nilimkuta uani, pua wazi, ameinamia mwasumini.

"Mama," aliniuliza, "yatakuwa yamechanua siku ya harusi?"

Natamani bibi yake angelimsikia.