Kufuli ya Simiyu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kiwanda cha mbegu za mahindi mjini Kitale, Injinia Mkuu hakunionyesha mashine hata moja. Alinipa kufuli.

"Ukiingia ndani ya mtambo, unafunga swichi na hii, mtu asiuwashe ukiwa humo," aliniambia. "Ufunguo unakaa mfukoni mwako. Hata mimi nisikuombe."

Nilikuwa na digrii mbichi ya uhandisi wa mitambo, nikanuna. Miaka yote ile ya hesabu, kumbe nimeajiriwa kuwa bawabu!

Watu hudhani injinia wa mitambo ni wa magari tu. Mimi nimetunza mashine za kupepeta mbegu, feni za kukaushia tumbaku Malakisi, na boila ya hospitali Bungoma, lile tangi la mvuke wa kuchemshia vyombo vya upasuaji. Boila hiyo niliipenda mno. Ilinung'unika kama bibi kizee, na kila asubuhi nilijua imeamkaje.

Lakini siku nisiyoisahau ni ya Moi's Bridge, nilipokuwa msimamizi wa mashine ya kukausha mahindi. Mvua ilitukuta katikati ya mavuno, na matrekta ya wakulima yalipanga foleni hadi barabarani. Mahindi yakikaa na unyevu huota ukungu, na jasho la mwaka mzima limekwenda. Tulikuwa tumemaliza kurekebisha parafujo, chuma kirefu kinachozunguka kusukuma nafaka ndani ya mtambo. Mafundi wakaondoa kufuli zao kwenye swichi. Ikabaki moja, ya fundi Simiyu, naye haonekani wala hapatikani kwa simu.

"Kata hiyo kitu, Madam," Meneja alisema. "Si ameenda nyumbani?"

"Nani amemwona akitoka?"

Mafundi walitikisa vichwa. Tuliita, tukamulika tochi, lakini sehemu ya chini ya mtambo haikuonekana. Nikaagiza mtambo ufunguliwe upya, tuhakikishe hayumo ndani.

"Mama, ati mahindi yetu yaoze juu ya kufuli?" mkulima mmoja alipaza sauti. Iliniuma. Baba yangu naye alikuwa mkulima.

Tulikuwa bado tunalegeza bolti Simiyu alipoingia getini, shavu limevimba, ametoka kung'olewa jino Kitale. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Wakulima walinizomea, na mahindi ya wengine yaliharibika kweli. Meneja akanihamishia Malakisi, ila kabla sijaondoka niliona jambo. Mafundi waliokuwa wakinicheka, wakiniita Mama Kufuli, walikuja kesho yake kila mmoja na kufuli yake, hata wale ambao zamani walizisahau nyumbani.

Sasa nimestaafu, nafuga kuku hapa Kanduyi. Simiyu hunitembelea, na akishaketi lazima anichokoze.

"Madam, ungekata tu, bana. Si nilikuwa kwa daktari?"

"Sikujua, Simiyu."

Hapo huacha kucheka. Huchukua birika, akaniongezea chai kabla ya kujimiminia yake.