Joho la Pimbi Lililokosa Mvaaji

Wiki iliyopita tulimzika fundi wa ngozi wa Manzese. Sitataja jina lake, kwa kuwa mwenyewe hakupenda kutajwatajwa. Alikufa kwa kifua. Daktari alitumia maneno marefu, lakini mke wa marehemu, aliyemuuguza tangu masika, alisema kwa ufupi, "Manyoya yamemmaliza." Nimesoma habari za vumbi na mapafu kadiri nilivyoweza, na sioni cha kumsahihisha mama huyo.

Nilimfahamu kwa sababu ya harufu. Nilikuwa nikikatiza uani kwake kuelekea Barabara ya Morogoro, na siku moja nikasimama kuuliza ni nini kile kinachonuka. Alinivutia kigoda, akanieleza. Kazi yake ilikuwa kusafisha ngozi za wanyama bila kuondoa manyoya. Nyingi zilikuwa za mbuzi, kwa ajili ya vikundi vya ngoma za asili, lakini alizozijali hasa zilikuwa za pimbi, yule mnyama mdogo wa miambani mwenye manyoya mazito. Kwao, milimani kaskazini, mkuu wa ukoo alisimikwa akiwa na joho la ngozi za pimbi mabegani, na fundi alikuwa na kibali cha kuzipokea kutoka kwa wawindaji wenye leseni. Zilifika zimekakamaa kwa chumvi. Aliziloweka, akazilaza juu ya gogo, akakwangua mafuta na utando kwa kisu butu, akazifua kwa sabuni, akazipaka shabu, ile chumvi ya kukaza ngozi, na kuzianika kivulini. Hatua ya mwisho ndiyo iliyokuwa mbaya: kusugua manyoya kwa pumba kavu ili zinyonye mafuta yaliyobaki, kisha kuipiga ngozi kwa fimbo hadi pumba zote zitoke. Kibanda kizima kilijaa vumbi. Alijifunga kitambaa puani, na kila aliposalimiwa alikishusha ili aitikie vizuri.

Nakumbuka siku mwanamke mmoja mwenye kikundi cha ngoma, mcheshi na mwenye mdomo, alipokuja kuchukua mzigo wake. Ngozi ya manyoya hupimwa kwa pumzi: unapuliza, manyoya yanajigawa, unaona kama yameshika.

"Puliza wewe, mie nisije nikameza kiroboto," alisema yule mama.

Fundi aliinama, akapuliza. Manyoya hayakujigawa. Alijaribu tena, akakohoa mpaka akashika ukuta.

"Heh! Fundi, leo ngozi imekushinda?"

"Ngozi nzima hiyo, mama. Mbovu ni mimi."

Alicheka yeye kwanza, nasi tukafuata kwa kukosa la kufanya. Jioni ile alimwahidi mkewe kwamba hatagusa pumba tena.

Ahadi hiyo aliivunja kwa ajili ya familia moja ya Goba. Baba yao alikuwa amefariki, na kaka mkubwa alitakiwa kusimikwa mkuu wa ukoo baada ya mvua. Walikuja kwa heshima zote, wakaagiza joho la pimbi, wakalipa kila kitu kabla ya kazi kuanza. Mkewe alipinga mbele yangu.

"Baba watoto, si ulisema basi?"

"Hili la mwisho."

"La mwisho lilikuwa lile la mwaka juzi."

"Lile lilikwenda kutundikwa ukutani. Hili litavaliwa."

Kwake hoja iliishia hapo. Masika yalikuwa mabaya. Ngozi hazikukauka, ukungu ukaingia, akalazimika kurudia pumba na fimbo tangu mwanzo. Joho lilipokamilika, alikuwa akilala ameketi, kwa sababu akijinyoosha pumzi zilikata.

Nilikuwapo kijana wa familia ile alipokuja.

"Shikamoo mzee. Aisee, limetoka zuri."

"Marahaba. Hebu litie mabegani, mwanangu, nione linavyoanguka."

Kijana hakulitia. "Mzee, ishu ni kwamba tumekodi la kitambaa, la manyoya ya bandia. Masista zetu wanasema tukipiga picha na ngozi ya mnyama, mtandaoni watatuchamba. Hela baki nayo, sie hatudai kitu."

"Mliamua lini?"

"Kabla ya masika. Tuliona aibu kukwambia. Tukasema mzee wetu akimaliza, ataelewa."

"Nimeelewa," alisema fundi, akalirudisha kwenye kamba.

Nimelifikiria jambo hili kwa utaratibu, na sioni mtu mbaya ndani yake. Dada wale walikuwa na sababu, na pimbi naye ni heri abaki mwambani. Kazi yenyewe ilikuwa inakwisha; fundi alilijua hilo kuliko mimi. Ninachokitazama ni desturi yetu ya kuona kwamba kumkatalia mzee ni kumvunjia heshima, hivyo tunamwacha aendelee. Seremala anapiga msasa kitanda cha harusi iliyokwisha vunjika. Mshona nguo anadarizi kanzu ya mtu aliyekwisha nunua nyingine dukani. Mficha uchi hazai, tunasema, kisha tunanyamaza, na gharama ya ukimya wetu anailipa mwingine kwa mwili wake. Sitarajii tuache. Hata mimi ninayeandika haya nina watu ninaowanyamazia.

Kijana yule alikuja msibani. Alitoa rambirambi, akalia kwa kweli. Mjane akamwambia, "Chukua joho lenu, mwanangu. Mimi siwezi kuliuza, kibali kilikuwa cha marehemu." Akajibu, "Mama, nitaliweka wapi?" Hakuwa na kiburi, alikuwa anauliza. Wadudu walikwisha anza kulila kwenye kola. Jana gari la taka lilipopita, mama alilitia kwenye gunia, akawapa wazoaji.

Basi, msomaji, ukishaacha kukitaka ulichomwagiza mtu, nenda ukamwambie siku hiyohiyo. Atakasirika, pengine atakutukana mbele ya majirani. Sisemi kwamba kuambiwa kungemponya fundi wetu. Kifua kilikuwa kimekwisha haribika. Lakini masika yote angeyakaa barazani na mkewe, akizitumia pumzi alizobakiwa nazo kuzungumza naye.