Makande Yaliyoiva Bila Moto

Serikali ilipopiga marufuku kuni na mkaa kwa taasisi zinazopikia watu wengi, nilikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni huku wilayani Hai, na nilinuna wiki nzima. Nilisema nishati safi ya kupikia ni maneno ya watu wanaokula hotelini. Makande ya shule nzima, mahindi na maharage makavu, yaive kwa gesi? Labda wachimbe kisima cha gesi uani.

Majiko mapya yakaja, kuni zikaondoka. Kosa tulilofanya mimi na wenzangu wawili lilikuwa la Kichagga kabisa. Kwetu makande hubandikwa alfajiri na kuachwa hadi mchana, moto ukififia polepole wenyewe. Tukafanya vivyo hivyo kwenye gesi, nayo haififii. Mitungi ya muhula mzima ikaisha kabla ya nusu muhula.

Mkuu wa shule akaniita. Hakufoka, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema afisa mazingira wa wilaya atakuja kukagua kutoka Bomang'ombe, kuni hazirudi, na gesi ikiisha hivyo tena, jiko atapewa mzabuni mwenye wapishi wake. Yaani sisi watatu nje. Niliogopa, sifichi. Jiko lile ndilo lililosomesha wanangu.

Jumapili nikapanda mlimani kwa mama. Kama kawaida yake kabla ya ibada, alichemsha mtori wa ndizi na nyama barabara, akaepua chungu, akakifukia kwenye tenga lililojaa majani makavu ya migomba, akafunika blanketi kuukuu, tukaenda kanisani. Nilikuwa nikiliona jambo hilo tangu utotoni bila kulitazama. Mchungaji alihubiri, mimi nawaza tenga. Tuliporudi, nyama ilikuwa inaachana na mfupa. Nikamuuliza mbona hakuwahi kunifundisha.

"Kuni za shule zinashushwa na lori," alisema mama. "Zangu nazibeba kichwani."

Seremala wa shule akatutengenezea masanduku makubwa, tukayajaza majani ya migomba. Makande yakichemka vizuri tunazima gesi, tunaingiza sufuria, tunafunika. Mara ya kwanza maharage yaligoma na wanafunzi wakatuzomea. Tukashindilia majani zaidi. Mara ya pili yakaiva, laini, na mitungi ikaanza kudumu.

Afisa alikuja asubuhi moja bila taarifa, kijana mwenye adabu na macho makali. Akaniamkia shikamoo, akauliza chakula cha mchana kiko wapi. Nikamwambia kinaiva. Akayagusa majiko, yamepoa. Akanitazama, kisha akazunguka nyuma ya jengo kutafuta tulikoficha kuni. Alipekua stoo, akapekua hadi banda la ng'ombe. Nilimfuata mikono nyuma, nikifurahia kila hatua yake.

Tuliporudi jikoni nikafungua sanduku, mvuke ukampiga usoni. Akaonja. Akaomba sahani, akaimaliza, akaomba aongezwe.

"Mama, hii mlifundishwa semina gani?"

"Ibadani," nikamjibu.

Mkuu wa shule alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo. Akasema, wenzangu wakisikia, "Yule mzabuni nitampigia leo. Asijisumbue kuja."

Mwenzangu mmoja akapiga kigelegele. Mimi nikaanza kulia, mtu mzima mbele ya mgeni. Miaka yote, machozi yakinitoka jikoni, nilisema ni moshi. Siku ile sikuwa na cha kusingizia.