Siku Grégoire Alipokataa Kuonja

"Mama Sophie, mutungi yenye imepasuka, unaimwangia maji ya nini?"

Swali hilo jirani yangu Nyiramana aliniuliza siku moja tukichota maji, hapa Kingi. Alisema juu ya shemeji yangu Grégoire, mudogo wa marehemu bwana yangu. Nilimujibu, "Sijaona bado mahali imepasuka." Akacheka, akajitwika maji yake, akaenda. Lakini neno lake lilinifuata mpaka nyumbani, maana na mimi niliogopa vile vile.

Grégoire alikuwa kantonye, mumoja wa wale wanaotengeneza barabara ya Walikale. Kule porini mvua hainyamazi, na wenzake walikunywa lotoko, ile pombe kali, kusudi wapate joto. Wengi waliiacha kulekule. Yeye alirudi nayo. Mwaka wa vita muke wake Céline akaugua, tukatuma muntu kumwita. Yule muntu alimukuta amelewa, amelala chini, na kwa siku mbili hakuweza kusimama. Alipofika Kingi, udongo wa kaburi ulikuwa umekwisha kukauka. Tangu pale hakunywa tena juu ya baridi; alikunywa juu ya Céline.

Mwaka wa 1966, kisha Pasaka, wakamufukuza kazini. Asubuhi moja nilimukuta amesimama mbele ya mulango wangu, anatetemeka. Hakuomba maji, hakuomba chakula. Alisimama tu, kama muntu aliyeletwa na wengine. Nikamutandikia mukeka ndani ya jiko.

Siku tisa aliteseka. Alikuwa anapangusa ukuta, anasema siafu wanapanda, na siafu hawakuwako. Nilisali rozari karibu naye, hata nikakosa hesabu ya Salamu Maria. Siku ya kumi alikula ugali. Nikamushukuru Mungu, nikafikiri kazi imekwisha. Kumbe mwili ndio ulikuwa umepona. Mawazo yake yalikuwa yangali na ugonjwa.

Basi kila asubuhi, tuking'oa maharagi, nilimuuliza, "Shemeji, leo ile kiu ya pombe inakuambia nini?"

"Inasema ulimuacha Céline afe peke yake, sasa unaacha pombe juu ya nani?"

"Na wewe uliijibu nini?"

"Nitaijibu nini? Inasema kweli."

"Iko kweli nusu. Jibu ile nusu ingine."

Siku zingine alinichokoza. "Leo inasema unanilisha juu ya kutafuta mbingu."

"Mbingu hawaiuzi kwa maharagi. Ng'oa."

Alicheka kidogo, akang'oa mpaka jua kuwa kali. Kitu kimoja kiliniumiza. Hata chumvi hakuiomba. Chakula kikiwa bila chumvi alikula vile vile. Siku nilipomuuliza, alisema, "Muntu kama mimi haombi kitu."

Mwezi wa sita mwana wake Edmond akapata muchumba, binti ya Papa Benoît, muntu mwenye heshima hapa kwetu. Siku ya kupeleka pombe ya ukwe ikapangwa. Mimi nikajiona mwenye akili: nikamuomba Nyiramana atengeneze kasiksi, ile pombe ya ndizi, kwake, kule nyuma ya migomba, kusudi harufu ya ndizi zikichacha isimufikie Grégoire. Juma nzima nilijisifu ndani ya moyo. Na nilisahau kitu ambacho mutoto mudogo anajua: mwenye kuleta pombe njo anaonja wa kwanza, watu wote wakimuangalia, ndipo wengine wanakubali kushika mrija. Na kisha vita, watu walivyokuwa wanaogopana sumu, hakuna aliyeweza kuruka desturi hiyo.

Nilikumbuka tu pale mutungi ulipowekwa katikati ya kiwanja cha Papa Benoît, mrija mumoja ndani yake.

"Papa Grégoire, tufungulie," Papa Benoît akasema.

Grégoire akapiga magoti, akashika mrija. Akauinamia mutungi, akavuta harufu. Akaachilia.

"Siwezi, Papa."

Shangazi wa binti akacheka. "Muangalie mambo. Alikunywa lotoko yote ya Walikale, leo anaogopa ndizi? Basi iko kitu ndani."

Hakuna aliyecheka naye. Nikainuka, mimi ambaye sijaonja pombe tangu ubatizo, nikasema nitaonja kwa jina lake.

"Keti, Mama Sophie," shangazi akasema. "Mutoto iko na baba."

Grégoire alikuwa angali kwa magoti. "Hakuna sumu," akasema. "Sumu ni mimi. Nikigusa, nitamaliza mutungi, na kesho nitatafuta ingine. Iko juma ya saba sijakunywa. Munisamehe."

Papa Benoît hakuwa muntu mubaya. "Nimesikia," akasema. "Lakini nitaambia ukoo nini? Murudi na pombe yenu. Siku ya Mungu, kisha misa, nitawapa jibu."

Tukarudi. Edmond alibeba mutungi kwa kichwa. Nilitaka tuurudishe kwa Nyiramana, naye akatukatalia. "Pombe yenye haikuonjwa haiingie kwangu. Watasema sumu iko yangu." Kuimwanga haikuwezekana: ukimwanga pombe ya ukwe mbele ya jibu kufika, umevunja ndoa wewe mwenyewe. Edmond akauweka katika kiwanja changu, hatua sita mbele ya jiko. Ndipo akamuangalia baba yake.

"Ungekunywa mara moja tu. Siku zote ulikunywa bure, siku yangu njo umekataa."

Akaenda zake njia ya Rubaya. Ilikuwa siku ya ine ya juma, zilibaki tatu. Jibu lilikuwa mbali.

Grégoire akaingia jikoni, akaketi chini, kichwa katikati ya magoti. Inje pombe ilikuwa inachemka polepole, povu inashuka kando ya mutungi, na ile harufu ikajaa kiwanja chote.

"Inakuambia nini?" nikamuuliza.

"Inasema: umeona? Ukilewa unaharibu, ukiacha unaharibu. Basi lewa."

Ninaandika kweli, maana kusema uongo ni zambi: nilitafuta jibu, sikulipata, hata katika sala. Nikachukua kitunga cha maharagi niende kuyachambua shambani, kusudi asione machozi yangu. Nilikuwa nimekwisha kupita mulango aliponiita, yeye ambaye hata chumvi hakuiomba.

"Shemeji, usiende. Chambua maharagi yako hapa mulangoni, katikati yangu na mutungi, nikusikie."