Kitanda cha Kujifungulia

Mwaka wa 2012 nilikuwa nauza nyanya za kutoka Kitale pale Kanamkemer, Lodwar, na jirani yangu alikuwa mama Mturkana asiyekosa la kuchekea. Mumewe alikuwa Kakuma akitafuta vibarua. Alikuwa na mimba kubwa. Ya kwanza alijifungulia nyumbani, mtoto akafa, kwa hiyo safari hii alitaka zahanati.

Tukaitwa mkutano. Afisa wa afya akasema huduma ni zetu, tuseme tunachotaka. Jirani yangu akasimama kabla afisa hajamaliza.

"Ejok," akasalimu kwa Kiturkana. "Sisi tunazaa kwa magoti, hapa chini, mama mwingine anakushika mgongo. Hiyo kitanda yenu ni mrefu, mtu analala kama mbuzi ya kuchinja. Wekeni ngozi tu chini, tutakuja wote."

Afisa akasema hilo ni wazo zuri sana. Nilimpenda mtu yule siku hiyo, mjinga mimi.

Miezi ikapita, gari likaleta kitanda kipya. Kilikuwa kirefu kuliko cha zamani, chuma kitupu, na mahali pa kufungia miguu. Jirani yangu akaitwa apigwe picha kando yake, kwa kuwa ndiye aliyetoa maoni. Mimi nilikasirika. Yeye alicheka.

Uchungu ulipomshika alikwenda vilevile. "Si ni mimi niliambia wamama waende?" akaniambia. "Nikikaa nyumbani, watasema nini?"

Ulipozidi, akateremka kitandani, akapiga magoti sakafuni. Muuguzi akampandisha. Akateremka tena, akagombezwa kama mtoto. Basi akajifunga shuka lake akatoka, nami nyuma yake nikimsihi arudi. "Sikio la kufa halisikii dawa," muuguzi akasema mlangoni.

Alizaa nyumbani, kwa magoti, mama yake akimshika mgongo. Mtoto wa kike, mzima. Lakini damu haikukatika. Tulimpakia kwenye bodaboda kati yangu na dereva, na kabla hatujafika hospitalini mwili wake wote ukaniegemea. Nikajua.

Katika mkutano uliofuata, afisa aliuliza kwa nini wanawake hawaji kujifungua. Nikasimama nikamweleza yote, nikilia mbele za watu. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akanishukuru kwa mchango wangu, akawaomba waliohudhuria wanipigie makofi, nao wakapiga.