Chupa Nyuma ya Maziwa

Kwenye kaunta ya hoteli ile kila mtu alimwita Shangazi, hata waliomzidi umri. Alikuwa ametengeneza martini, jin baridi yenye divai kidogo ya mitishamba na zeituni ndani, kwa miaka kumi na tisa bila kuonja hata tone. Baba yake, alizoea kusema, alikunywa fungu lake na la ukoo mzima, hakubakiza kitu. Basi Shangazi alifanya kazi kwa pua na masikio: alinusa kilichomo, akasikiliza barafu ikizunguka kwenye jagi la kioo, na mlio wake ulipofifia alijua imetosha, akamimina.

Wateja hawakujua hilo. Wangejua nini wale? Wengi wao ungewapa maji ya betri yenye zeituni wangeshukuru na kuomba ya pili. Shangazi aliwadharau kwa adabu, huku akitabasamu. Ulimi mmoja tu aliuheshimu, wa Bibi Mkubwa, mwenye hoteli, aliyeshuka kila siku kabla ya chakula cha mchana, akaketi dirishani na kunywa glasi moja. Hakuwahi kusifu wala kulalamika. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu hakusifiwa hata siku moja, na maji hakutia.

Kisha akaja Mwenye Cheti. Alikuwa mkwe wa Bibi Mkubwa, kasomea vinywaji wiki mbili, na cheti chenyewe alikitundika karibu na saa ya ukutani ili kila anayetaka kujua wakati akisome. Siku ya kwanza tu aliitoa chupa ya vermuti kwenye friji, akaipandisha rafu ya juu, chini ya taa, lebo ikitazama mlango.

"Baba, hiyo ni divai," Shangazi akamwambia. "Imetiwa mitishamba na pombe kali kidogo, lakini ni divai tu. Ikishafunguliwa inataka baridi. Hapo juu itachacha."

"Shangazi, tangu lini pombe ikaoza? Acha ipendezeshe."

"Haya."

Hakubishana. Alifungua chupa nyingine akaificha kwenye friji, nyuma ya maziwa, na ile ya rafuni akaiacha iive chini ya taa miezi minne. Sikio la kufa halisikii dawa, akajisemea, na moyo ukamburudika.

Nafasi ya mkuu wa kaunta ilikuwa wazi. Shangazi alikuwa ameikaimu miaka saba, na aliitaka kuliko kitu chochote, ingawa angeulizwa angekataa. Siku moja Bibi Mkubwa akawaita wote wawili.

"Kila mmoja anitengenezee martini. Nitakayoipenda, mwenyewe ndiye mkuu."

Ni Shangazi, kwa kiburi chake, aliyeongeza: "Bibi, ugeuke utazame nje. Usijue ipi ya nani, watu wasije wakasema umependelea."

Bibi Mkubwa akageuka.

Mwenye Cheti akaishusha chupa yake rafuni. Akamimina vermuti, akamimina jin, akavifunika na barafu kwenye kopo la kuchanganyia, akalitikisa juu ya bega kama anayefukuza nyuki, na kilichotoka kilikuwa na ukungu na vipande vya barafu. Harufu ya siki ilifika hadi mwisho wa kaunta. Shangazi alimwonea huruma kidogo, huruma ya mtu aliyekwisha kushinda. Yeye alikoroga taratibu, akasikiliza, akamimina kinywaji cheupe kama kioo. Glasi zikapelekwa mezani pamoja.

Bibi Mkubwa alionja moja, kisha ya pili, kisha akairudia ya kwanza. Hakusita.

"Hii," akasema, akiinua ile yenye ukungu. "Ina ladha. Hiyo nyingine ndiyo ninayopewa siku zote. Baridi mno, inaniuma meno. Nimekuwa nikiinywa nisimvunje moyo Shangazi."

Mwenye Cheti akacheka kwa furaha, bila hata ubaya. Shangazi akasema, "Ahsante, Bibi," akazichukua glasi zote mbili akarudi nazo kaunta.

Alisimama mbele ya sinki. Alikuwa na hasira, na aibu, na zaidi ya yote alikuwa na shaka, kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho. Labda pua ilikuwa imemdanganya muda wote huo. Akaonja ile ya Mwenye Cheti, akaitema. Akaonja yake. Ilikuwa kali, safi, na mwisho wake mitishamba ya vermuti ikapanda taratibu puani, ileile aliyoijua kwa harufu miaka kumi na tisa.

Akainywa yote. Akala na zeituni. Kisha akaosha glasi, akazifuta mpaka zikang'aa, akamgeukia Mwenye Cheti.

"Mkuu," akasema, "hizi niziweke wapi?"