Uzi wa Agar kwenye Bariere

Agar hakujua kukaa na mikono mitupu. Akirudi kutoka sokoni, ambako aliuza chumvi na samaki wakavu, alivua viatu, akanywa maji hali amesimama, kisha akachukua kijiti chake na kuanza kusokota. Kilikuwa kijiti cha urefu wa mkono, na chini yake kisahani cha mbao cha kukipa uzito. Alikizungusha kwa vidole, akakiacha kining'inie, na sufu iliyobanwa kwapani ikashuka polepole ikageuka uzi.

Kazi hiyo alifunzwa utotoni huko Masereka, kwenye baridi ya mlimani, na mke wa mchungaji wa misheni aliyefuga kondoo. Wasichana wenzake waliiacha walipoolewa. Yeye aliolewa akaja nayo Butembo. Binamu yake Vagheni alimtumia sufu kutoka Masereka, imeshindiliwa kwenye gunia juu ya viazi. Agar aliiosha, akaichambua majani na miiba, akasokota. Uzi wake hakuuuza. Mara nyingine alifuma sweta, mara nyingine alifumua alichokifuma ili apate tena cha kufanya.

"Wewe unaweza kusokota hata moshi," alisema mumewe Onésime, fundi wa baiskeli.

Hapo ilikuwa kabla ya ule mwaka barabara ilipoharibika. Vita vilikuwa vimekaa miaka. Askari walibadilika majina na makofia, lakini bariere, vile vizuizi vya barabarani, zilibaki palepale, na magari ya kwenda Beni yalianza kuviziwa. Na Beni, katika komini ya Ruwenzori, ndiko alikoolewa Nadège, binti yao wa pekee. Alikuwa na mimba ya kwanza. Habari zake zilipitia phonie, redio ya mawasiliano ya mfanyabiashara mmoja wa mtaani, sauti ikikwaruza kama mtu anayesugua sufuria: Nadège amevimba miguu. Nadège anamuulizia mama yake.

Tangu siku hiyo Agar alisokota akitembea. Kutoka barazani hadi kwenye lango, kutoka lango hadi jikoni, kijiti kikimzunguka magotini. Uzi ulimtoka na mafundo, jambo ambalo halikuwahi kumtokea tangu usichana wake.

"Kaa chini basi," Onésime alimwambia. "Unanichokesha macho."

"Nikikaa, nasikia mutoto ananiita."

"Barabara ni mubaya, Agar. Tungoje kidogo."

"Tumbo haingojake barabara."

Onésime aliweka chini spana aliyoishika. Alijua tayari ameshindwa. Alikwenda mwenyewe kumtafuta Kasonia, dereva wa kanisani kwao aliyepeleka kabichi Beni, akamwomba amweke mke wake mbele, karibu naye.

Walipofika katikati ya safari, barabara ilikuwa imefungwa kwa mti. Abiria wote walishushwa. Askari mmoja mrefu alianza kufungua mizigo, na kwenye kikapu cha Agar, chini ya unga, akakuta kijiti, sufu, na madonge ya uzi mweupe. Aliinua donge moja kwa ncha za vidole kama mtu aliyeshika nyoka.

"Hii ni kitu gani?"

"Ni uzi, papa. Ya kondoo."

"Ya kufunga ku mukono? Kumbe ni weye unatengenezaka dawa ya bapiganaji ba Mai-Mai, ya kuzuia masasi ya bunduki!"

"Hapana. Mie ni mukristo. Ni ya kufuma blangeti ya mutoto, kule Beni."

"Beni iko na joto. Nani atafunika mutoto na kondoo kule Beni?"

Abiria walitazama chini. Agar alijua askari amesema kweli. Nadège mwenyewe alikuwa amecheka kwenye phonie aliposikia habari za blanketi hilo.

Wengine wakaambiwa wapande. Agar akaambiwa abaki. Kasonia alisihi, akavua kofia, akafukuzwa. Aliliondoa gari, lakini alilisimamisha hapo mbele kwenye kona, akainua boneti na kuinama juu ya injini ambayo haikuwa na ubaya wowote.

"Kama ni uzi tu, tuonyeshe," alisema askari.

Agar aliketi juu ya jiwe. Akazungusha kijiti, sufu ikakatika. Akaiunganisha, ikakatika tena. Askari waliozunguka chungu cha maharagwe walicheka. Ndipo akasimama, na kwa kuwa miguu yake haikujua tena kutulia, akaanza kutembea mbele ya ule mti, akienda akirudi. Uzi ukashuka, mwembamba, sawasawa. Walimtazama kidogo, wakachoka, wakarudia chungu chao.

Yule mrefu hakurudi. Alimfuata Agar pembeni, na sasa alisema kwa Kinande, sauti chini, kama mtu wa nyumbani. Jina lake Mathe. Kwao ni upande wa Lubero. Kesho yake wangepandishwa kilimani kupigana.

"Mama, nikatie kidogo. Ya mukono," alisema, akirudi kwenye Kiswahili kwa sababu mwenzake alipita.

Agar alimtazama. Mtu mzima, mwenye mvi chache kwenye ndevu.

"Haizuiye masasi, mwanangu."

"Benzangu bamoja beko nayo, na balirudi."

"Na bale habakurudi? Bao habakufunga?"

Mathe alimnyooshea mkono.

"Nikikupa, nitakuwa nimekudanganya," Agar alisema. "Utaamini uzi, utasimama fasi ya kukimbia."

Uso wa askari ulikunjamana. "Kumbe unapenda nikufe."

"Napenda ukimbie."

Mathe alimsukumia kikapu kwa mguu. "Toka! Kwenda!" Lakini lile donge aliloliinua mwanzo hakulirudisha. Agar aliliona likiingia katika mfuko wa koti lake, akaenda upesi kuelekea kwenye kona. Kasonia alifunga boneti kabla hajamfikia. Aliendesha bila kupunguza mwendo hadi nyumba za kwanza za Beni.

Nadège alikuwa amekwisha kujifungua, kwa kupasuliwa, mtoto wa kike mwenye nywele nyingi. Élysée, mumewe, alikuwa amekaa nje ya wodi na kofia mapajani, hajanyoa. Agar alimwogesha binti yake, akampikia, akambeba mtoto. Na mtoto akilala, wasiwasi ukamrudia. Sufu ilikuwa imekwisha. Kwenye ua wa hospitali palikuwa na msufi unaodondosha pamba yake, akaiokota akajaribu kuisokota. Ilikuwa fupi na yenye utelezi, ikamkatikia vidoleni kila mara, naye akaendelea tu.

Ndipo majeruhi wa mapigano ya kilimani wakaletwa. Waliletwa kwa machela, kwa baiskeli, wengine migongoni. Agar alimpa Élysée mtoto, akaenda wodi ya wanaume akipita kitanda hadi kitanda. Alijiambia hatamkuta yule askari mrefu. Akamkuta, mguu umefungwa bendeji hadi pajani.

"Mama wa uzi," alisema Mathe.

"Ulifunga?"

"Nilifunga. Mikono yote mbili." Alilamba midomo. "Masasi ikaanza. Nikakumbuka maneno yako, ya kusimama fasi ya kukimbia. Nikakimbia. Ilinipata ku mguu nikiwa nakimbia."

Agar alimshukuru Mungu kwa sauti.

"Na benzako?" aliuliza Agar.

Mathe aligeuza uso ukutani. "Nilibakatia na bao. Donge yote niligawa. Nikabaambia inatoka kwa mama mumoja mwenye nguvu." Alikwaruza ukuta kwa ukucha. "Bao balisimama."

Agar alishika chuma cha kitanda. Alitaka kumpiga, alitaka pia kumfunika shuka vizuri. Mwisho aliuliza majina yao. Mathe aliyataja mmoja mmoja, taratibu, na Agar akayarudia baada yake. Hakumjua hata mmoja. Kisha akaenda akapika uji, akamletea, akamshikia kikombe.

"Wasingya," Mathe alishukuru kwa Kinande.

Kesho yake asubuhi, kitandani pake palikuwa na mtu mwingine. Muuguzi alisema lilikuja gari likachukua baadhi yao. Lilikwenda wapi, hakuambiwa.

Agar alikaa Beni mpaka Nadège akaweza kutembea wima, kisha akapata gari la kurudi. Onésime alimpokea, akasikiliza yote bila kumkatiza, halafu akauliza kama sasa ataacha.

"Nitaacha namna gani?" alisema Agar.

Hakuacha. Lakini uzi wa akiba haukuonekana tena nyumbani mwake. Alichosokota leo alikifuma leoleo, kikawa soksi au kofia, hata kama mboga ilikuwa ikiungua. Watu wa kanisa waligawiwa soksi, mafundi wenzake Onésime wakagawiwa, hata muuza maziwa. Jirani alipomwomba kipande kidogo tu cha uzi, cha kufungia mdomo wa mfuko wa unga, Agar aliingia ndani, akatoka na mfuko mpya wenye vifungo, usiohitaji uzi, akampa.